Risala ya wahitimu wa darasa la saba kwa mgeni rasmi, Mikumi, mwaka 2025

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, shikamooni. Wadogo zetu mnaobaki, hamjambo?

Tunamshukuru Mungu kutufikisha siku hii, na tunakushukuru wewe kwa kuacha shughuli zako ukaja kwetu. Tulianza darasa la kwanza mwaka 2019, michango ya lazima ikiwa imeshafutwa tangu 2016. Wapo kati yetu ambao bila hivyo wasingefika hapa, na wazazi wao wanalijua hilo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kwa miaka kadhaa matokeo ya shule yetu hayakuridhisha. Tunaomba tueleze tulichokiona sisi tuliokalia madawati. Wenzetu waliokuwa wakifeli Hisabati walijua kuzidisha na kugawanya. Kilichowashinda ni swali la maneno: wakifika katikati ya sentensi, mwanzo wake umeshapotea. Kusoma kwenyewe kulikuwa hakujakaa vizuri tangu madarasa ya chini.

Tulipokuwa darasa la tano, mwalimu wa darasa la pili alituomba. Kila Jumatano, mkubwa mmoja akae na mdogo mmoja chini ya mwarobaini, kitabu kimoja katikati yao. Alitugawia vipande vya boksi vilivyotobolewa tundu, ili mdogo aone neno moja moja. Mdogo anasoma, sisi tunasikiliza. Mara nyingi tulikwama pamoja nao, tukakimbilia kwa mwalimu kuuliza. Tulidhani tunawafundisha wao, kumbe na sisi tulikuwa tunajifunza kusoma. Mwalimu yule hapendi kutajwa, lakini tunaomba apigiwe makofi.

Bado tuna shida. Tembo wakipita mashambani usiku, familia zinakesha kulinda mazao, na asubuhi watoto hawawahi namba, yaani kuhesabiwa shuleni. Ambao wazazi wao hawakuweza kuchangia mahindi na maharage ya makande huenda nyumbani saa sita, na wengi hawarudi. Vitabu vya kiada havitoshi; kitabu kimoja watu wanne, aliyekaa pembeni anabaki kusikiliza tu. Ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka haiwezi kubeba yote haya.

Tena kwa sera mpya ya elimu, inayopunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, wadogo zetu wa darasa la nne na la tano watamaliza pamoja mwaka 2027. Sekondari itawapokea kwa mkupuo mmoja. Madarasa yao tunaomba yaanze kujengwa sasa.

Kwa shule yetu tunaomba vitabu, kabati la kuvifungia, na chakula cha mchana kwa kila mtoto, hata yule ambaye kwao hakuna debe la kutoa.

Vile vipande vya boksi tumewakabidhi darasa la sita jana. Jumatano ijayo ni zamu yao.

Tunaomba kuwasilisha. Ahsante.