Chemchemi inarusha maji, pampu ya majitaka imelala

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Ripoti yenu iliyosifu bandari ya boti za kifahari kwa bwawa lake, zulia la gatini na chemchemi ya langoni ndiyo iliyonishinda. Mwandishi wenu aligusa kila kitu isipokuwa kile ambacho boti hufuata bandarini.

Mimi ni fundi mitambo wa boti. Mwezi uliopita tuliingia bandarini humo tukiwa na wageni 12, wafanyakazi 9 na tangi la majitaka lililojaa pomoni. Kijana mwenye glavu nyeupe alipokea kamba zetu, kisha akatugawia taulo za baridi. Nilipomuuliza pampu ya majitaka iko wapi, alinyoosha kidole kwenye safu ya vyungu vya maua. Pampu ilikuwa nyuma yake, chini ya turubai. Tulipoifunua, tulikuta bomba lake la mpira limepasuka na mdomo wake haukubaliani na flenji yetu, yaani kisahani cha kuungia bomba, ambayo hatukuibuni sisi bali vipimo vyake vimewekwa na MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari: kipenyo milimita 210, matundu manne. Msimamizi alinijibu kwa tabasamu kwamba wageni wao huwa hawaulizii huduma hiyo. Kwani wageni hao hawaendi haja? Mkataba huohuo unakataza kumwaga majitaka yasiyosafishwa ndani ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, kwa hiyo tulifungua kamba saa tisa usiku, tukavuka maili hizo, tukamwaga kidogo kidogo huku tukitembea, na asubuhi tukarudi kulipia gati ambalo hatukulilalia. Anayetaka kujua wengine hufanyaje, achungulie maji ya kando ya gati alfajiri.

Wakati tangi limejaa, nahodha alikuwa ametukataza vyoo vya botini. Vya nchi kavu vipo, tena vya marumaru, lakini kibao cha mlangoni kinasema ni vya wageni tu. Sisi wenye sare tulielekezwa nje ya uzio.

Napendekeza pampu ya chemchemi ing'olewe ipelekwe gatini. Najua ya maji safi haifai kwa kazi hiyo, lakini nimeisikiliza, nayo angalau inawaka. Flenji ichongwe moja tu, yenye bolti nne za milimita 16. Maua yanaweza kubaki.

Fundi mitambo, msomaji wenu