Nembo ya kutumwa kwa WhatsApp haifai uwanjani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niwafikie viongozi wa klabu, waandaaji wa mabonanza na wadhamini wa hapa Arusha, maana AFCON 2027 inakuja na uwanja mpya wa Olmoti utahitaji kuvishwa mabango.

Mimi ni mbunifu wa mabango, niko Ngarenaro. Mbali na fleksi (mabango ya plastiki) za hapa mjini nachukua kazi za mtandaoni, na mmoja wa wateja wangu ni klabu ya besiboli ya ligi ndogo huko Marekani. Ligi hizo ndogo zina klabu 120 za kulea wachezaji, kila moja chini ya timu kubwa. Hii yangu ni ya mji mdogo tu, lakini kabla sijachora chochote walinitumia karatasi yenye kila kitu: skrini kubwa ina pikseli (nukta za picha) ngapi kwa upana na kimo, utepe wa taa unaozunguka jukwaa una kimo gani, sehemu zipi zinazibwa na nguzo. Nembo za wadhamini zilikuja kama faili za vekta, yaani mchoro wa mistari, si picha ya nukta. Hata ukizivuta mita 10, kingo hazichakai.

Kilichonikuna zaidi ni sehemu wasiyoiuza. Katikati ya ukuta wa nyuma, mkabala na mpigaji, pameachwa rangi moja ya giza, bila tangazo, ili auone mpira mweupe unapomtoka mrushaji mkononi. Mdhamini aje na fedha kiasi gani, pale hapati.

Sasa njoo kwetu. Ijumaa jioni mteja ananirushia nembo kwa WhatsApp, tena kaikata kwenye kipeperushi, na mechi ni Jumapili. Picha ina upana wa pikseli 800. Nikiitandaza kwenye fleksi ya mita 6, kila pikseli inageuka kipande cha milimita 7.5. Herufi zinakuwa ngazi ngazi, lawama anabeba fundi. "Kaka, si ungeisafisha tu?" Kuisafisha ni kuichora upya, na hiyo ina bei yake.

Halafu anaongeza: namba tatu za simu, sanduku la posta, Instagram, na kaulimbiu ndefu. Kanuni ya mafundi wa mabango ni kwamba herufi inayosomeka bila taabu inataka kimo cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid, aliye jukwaani akitazama bango la ng'ambo anavuka kwa macho kiwanja chote pamoja na njia ya riadha. Tukisema ni mita 90, herufi inataka sentimita 75. Bango lenye kimo cha mita 1 limebakiwa na nafasi ya mstari mmoja: jina lako. Namba ya simu mpe mtangazaji aisome. (Na hiyo nyekundu mnayoipenda wote, kwa jua letu ndiyo inayotangulia kupauka.)

Wanaohusika na Olmoti, tunaomba vipimo vya skrini na mabango viwafikie wabunifu wa hapa mapema, hata kwa PDF ya ukurasa mmoja. Nanyi wadhamini, mtafuteni aliyewachorea nembo mara ya kwanza awape faili halisi. Mara nyingi bado analo kwenye kompyuta yake, na yuko hapa hapa mjini.

Fundi wa mabango,
Ngarenaro, Arusha