Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: Kabla ya "gari la maji", tumalize foleni ya gesi

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Mimi ni fundi wa magari, Mabibo, Dar es Salaam. Miaka hii michache riziki yangu imekuwa kufunga mifumo ya gesi asilia kwenye IST, Noah na bajaji. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA ikishatangaza bei za mafuta, simu yangu haitulii. Bei ikipanda, wateja wanakuja na gari. Ikishuka, wanakuja na maneno: "Fundi, ngoja kwanza."

Mwezi uliopita mwenye Noah mmoja alikuja na sababu mpya ya kungoja. Alinionyesha video kwenye simu: gari zuri linatiririsha maji kwenye ekzosi, na msemaji anaapa kwamba petroli imekwisha habari yake. "Sasa fundi, hili gari la maji likifika, si nitakuwa nimetupa hela yangu kwenye mtungi wa gesi?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nimelitafuta, nimelipata, na nakuandikia wewe kwa sababu wanaokuletea miradi mezani nao wana video zao.

Gari lile halitumii maji. Maji ni mkojo wake, unisamehe lugha ya gereji. Chakula chake ni haidrojeni. Inakaa kwenye mitungi, inakutanishwa na oksijeni ya hewani ndani ya kifaa kinachozalisha umeme, na umeme huo ndio unaozungusha mota. Kwa hiyo ni gari la umeme, ila limebebeshwa kiwanda kidogo tumboni. Na haidrojeni huichimbi kama mafuta, lazima uitengeneze. Nyingi inayotumika duniani leo inatokana na gesi asilia na makaa ya mawe. Tukiitengeneza kwa gesi ya Songo Songo, mwenye Noah atakuwa na haki ya kuuliza kwa nini gesi ile isiingie moja kwa moja kwenye gari lake, maana mtungi ninao hapa.

Njia safi ni kupasua maji kwa umeme. Hapo naomba tuhesabu kwa uniti, lugha ambayo kila mwenye LUKU anaielewa. Kilo moja ya haidrojeni inakula zaidi ya uniti 50 kuitengeneza na kuishindilia mtungini. Toyota Mirai, gari la haidrojeni linalojulikana kuliko yote, linabeba kilo 5.6. Kulijaza ni uniti kama 300. Nyumba iliyo kwenye daraja la watumiaji wadogo, lile la uniti 75 kwa mwezi, ingewasha taa miezi minne. Kwa uniti hizo Mirai linakwenda kilomita 640 hivi: ukitoka Dar umeipita Iringa na Mafinga, basi. Gari dogo la betri, linalokula uniti 15 kwa kila kilomita 100, lingefika Tunduma na kurudi. Mirai ni kubwa zaidi, sawa, lakini ukubwa peke yake haumalizi pengo hilo. Umeme mwingi unapotelea njiani: kwenye kupasua maji, kwenye kushindilia, na tena kwenye kuigeuza haidrojeni kuwa umeme mara ya pili. Bwawa la Mwalimu Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235. Sioni kwa nini tuzungushe sita kati ya hiyo ili kazi ya mitatu au minne ipotee kama joto.

Halafu kuna mtungi. Tairi la IST tunalijaza upepo 30 au 32. Mtungi wa gesi ninaofunga, kwa kipimo hichohicho, unakaribia 3,000. Wa haidrojeni ni 10,000. Na haidrojeni ndiyo gesi nyepesi kuliko zote, inapenya penye tundu ambalo gesi yetu isingeliona. Juni 2019 kituo cha haidrojeni kililipuka Sandvika, karibu na Oslo, Norway. Uchunguzi ulipofika mwisho, chanzo kilikuwa bolti za kizibo cha mtungi ambazo hazikukazwa ipasavyo. Niliposoma hivyo niliweka spana chini. Wale ni Wanorwe, wana vipimo na karatasi za ukaguzi kwa kila kitu. Hapa mjini kuna vijana wanafunga mitungi ya gesi chini ya mwembe, na mkaguzi hawajamwona tangu waanze.

Lakini hata hatari siyo iliyoliangusha gari hili. Limeangushwa na sheli. Sote tunakiita kituo chochote cha mafuta sheli, jina la kampuni likageuka Kiswahili. Basi Shell yenyewe ilifunga vituo vyake vya haidrojeni vya Uingereza mwaka 2022, na Februari 2024 ikavifunga vituo vyake vyote saba vya magari madogo California. California ndiko Marekani ilikojaribu jambo hili kwa dhati! Bei kwenye vituo vilivyobaki ilifika dola 36 hivi kwa kilo, yaani dola 200 kujaza gari moja. Toyota ilikuwa ikimpa mnunuzi wa Mirai haidrojeni ya bure ya dola 15,000, na bado watu wakajikuta na gari zuri na pampu iliyokufa.

Mirai lilianza kuuzwa Japani Desemba 2014. Sisi tunakula mitumba ya Japani, Mheshimiwa. Kinachochoka kule kinashushwa bandarini kwetu. Iko siku mjanja mmoja atalileta moja hapa kwa bei ya kutupa, litapigwa picha, na litakaa gereji ya mtu likihifadhi kuku.

Kwenye malori naongea kwa tahadhari zaidi. Lori la Tunduma, lenye tani thelathini za shaba, likibebeshwa betri linapoteza sehemu ya mzigo, na haidrojeni inapata hoja. Uswisi malori ya Hyundai ya haidrojeni yako barabarani tangu 2020. Ila biashara hii nayo ina wapiga debe wake. Kampuni ya Nikola ya Marekani ilitoa video ya lori lake likikata barabara kwa madaha, na mwaka 2020 ikakiri kwamba halikuwa likienda kwa nguvu zake lenyewe. Lilikuwa mteremkoni, likiserereka, kama daladala iliyozimwa injini kubana mafuta. Februari 2025 kampuni iliomba kinga ya kufilisika. Akija mtu ofisini kwako na video, muulize barabara ile ina mlima kiasi gani.

Mahali ambapo haidrojeni ina kazi ya kweli ni kwenye mbolea. Urea inaanzia hapo. Wakenya walipozindua mkakati wao wa haidrojeni Septemba 2023 waliipa mbolea nafasi ya mbele, na hapo naona walifikiri vizuri. Kwenye usafiri wetu umeme umeshaingia kwa mlango wa mbele: treni ya SGR inakwenda Dodoma kwa waya, bila mtungi wowote, na abiria wa mabasi wameshaijibu kwa miguu yao.

Sasa niseme kilichonikalia rohoni. Juzi nilimsindikiza mteja kujaza gesi. Tulifika saa nne usiku. Mbele yetu bajaji zimepangana hadi barabara kuu, madereva wamevua viatu wamelala na miguu nje, muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe. Saa saba presha ikashuka, pampu ikawa inajaza nusu mtungi. Tuliondoka saa tisa na robo. Yule dereva alikuwa amepoteza usiku mzima wa biashara ili kuokoa shilingi elfu kumi na kitu. Gesi ni yetu, bomba lipo, teknolojia ni ya kawaida, na bado sheli hazitoshi. Kwa haidrojeni tungeanza na sifuri.

Ninachoomba: vituo vya gesi viongezwe, na vya kwanza viende Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara, wanakolala madereva wenyewe. Wekeni bei ya umeme ya usiku kwa wanaochaji bajaji na pikipiki. Mkaguzi wa mitungi apite na kwangu pia, sina la kuficha. Na hela ya umma isiingie kwenye pampu ya haidrojeni ya magari madogo.

Mwenye Noah alirudi jana asubuhi. Nimemfungia mtungi wa lita 80, nimepima uvujaji kwa povu la sabuni mara mbili. Saa hizi naandika, amenitumia picha: yuko foleni, namba thelathini na moja.

Wako,
Fundi wa gesi, Mabibo
Dar es Salaam