Idi ya Machi sitafika, shoga yangu

Ann Arbor, Michigan
Januari 2026

Shoga yangu Mama Salma,

Salamu nyingi zikufikie huko Iowa City, wewe, Baba Salma na watoto. Sisi hatujambo, baridi tu, nayo kwa mtu wa Iowa si habari.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kwenye basi, nikaurudia jikoni ili Baba Idi naye asikie. Mwaliko mtamu kweli: katikati ya Machi chuo chenu kimefunga, shule za watoto zimefunga, na Idi inatarajiwa kuangukia Ijumaa au Jumamosi ya wiki hiyohiyo. Tuje mapema, tufuturu pamoja siku za mwisho, tupike visheti, watoto wachafue nyumba yako badala ya yangu. Ningekuwa na uwezo ningeanza kufunga mizigo leo. Lakini haiwezekani, na kwa kuwa ulisema, "Nyinyi si mko kwenye mji wa chuo kama sisi, likizo si moja?", nimeona nikuandikie. Kwenye simu ungenikatiza kila sentensi.

Si moja, mwenzangu. Hata kidogo.

Chuo chetu huanza muhula wa baridi mwanzoni mwa Januari, mwaka mpya ukiwa haujapoa, na vipindi huisha kabla Aprili haijamalizika. Baada ya hapo kuna mihula mifupi kuanzia Mei hadi Agosti, nayo lazima ipate nafasi yake. Chuo chenu hungoja Siku ya Martin Luther King ipite, ile Jumatatu ya tatu ya Januari, ndipo madarasa yafunguliwe. Sasa kila chuo kimeukunja muhula wake kama kanga na kuweka likizo pale kwenye mkunjo. Wetu ulioanza mapema hukunjika mwisho wa Februari kuingia Machi, wenu katikati ya Machi. Hakuna aliyekaa mezani akasema tutenganishwe.

Na shule za watoto wangu? Hizo hufunga mwishoni mwa Machi. Yaani mimi nimesharudi darasani wiki kadhaa, nyinyi mmeshamaliza kula Idi yenu, ndipo wa kwangu wanaanza kukaa nyumbani.

Mwanzoni niliona kama ukaidi. Kwa nini shule za mji uliojaa watu wa chuo zisifunge wiki ya chuo? Kisha mama mmoja wa shuleni, mtu wa vikao, akanieleza. Michigan ina sheria, ilianza kutumika mwaka wa masomo 2007–08, inayotaka wilaya za shule zilizo chini ya mamlaka moja ya elimu, ambayo mara nyingi ni ya kaunti, ziwe na kalenda ya pamoja, ili likizo ya Desemba na hii ya machipuko ziangukie wiki moja kwa wote. Sababu ni kwamba wanatumia vitu pamoja. Vijana wa sekondari kutoka wilaya tofauti hukutana kwenye mafunzo yaleyale ya ufundi, na watoto wenye mahitaji maalumu huvushwa na basi kutoka wilaya hii kwenda ile. Ann Arbor ikiamua kukifuata chuo, basi na wilaya jirani za Saline, Dexter, Chelsea na Manchester wafuate? Mfugaji wa Manchester wiki ya mapumziko ya wanafunzi wangu inamhusu nini?

Ongeza mitihani. Hapa kila mwanafunzi wa darasa la 11 hufanya SAT, mtihani wa kuombea chuo, mwezi wa Aprili kwa gharama ya jimbo, na mitihani ya jimbo ya madarasa ya chini huanza majira hayohayo. Walimu wanataka watoto wapumzike karibu na mtihani, wasiende likizo Februari kisha wafike Aprili wamechoka tena. Halafu kuna theluji. Sheria inadai siku 180 na saa 1,098 za masomo, na inasamehe siku sita za dharura kama vile barabara kutopitika. Anayepanga kalenda hapa anapanga huku akichungulia dirishani.

Huko kwenu mambo ni tofauti kwa sababu chuo na hospitali yake ndivyo vinavyoulisha mji. Shule zikifunga wiki nyingine, malalamiko yatatoka kwa wahadhiri, kwa wauguzi, na hata kwa walimu wenyewe ambao waume au wake zao wanafanya kazi chuoni. Bodi inaona afadhali ifuate. Mna bahati, nakubali.

Usidhani lakini kwamba sisi wa Ann Arbor ndio wa ajabu. Wifi yangu yuko Massachusetts. Kule shule za umma hufunga wiki moja Februari na nyingine Aprili, ile yenye Siku ya Wazalendo, Jumatatu ya mbio za Boston. Vyuo vyao hufunga Machi, katikati ya likizo hizo mbili, kama waliapa wasikutane. New York City kuna ndugu anayesoma chuo cha jiji, CUNY, na mara nyingi likizo yake huenda pamoja na ya shule za jiji, zote zikifuata Pasaka ya Wakristo na ya Wayahudi. Vuka mitaa michache hadi Chuo Kikuu cha Columbia utakuta wao walishapumzika zamani, Machi.

Sisi tuliokulia Tanga tumezoea kalenda inayotoka wizarani. Likizo ya Juni ilikuwa likizo ya Juni, uwe Bukoba uwe Mtwara. Hapa wizara ya Washington haina neno juu ya siku ya kufunga shule. Jimbo linaweka mipaka, bodi iliyopigiwa kura na wananchi inachagua tarehe, chama cha walimu nacho kinasikilizwa, na chuo kinajipangia chake miaka kadhaa mbele bila kumwuliza mtu.

Ila nimekuwa nikijiuliza jambo, shoga. Nyumbani nako kalenda hazilingani! Shule zinaanza Januari, chuo kikuu kinaanza Oktoba au Novemba. Yule mama yetu mdogo aliyekuwa akifundisha chuoni Dar, likizo zake na za wanawe hazikuwahi kukutana, na sikumbuki akilalamika. Kwa nini? Kwa sababu watoto walipandishwa basi wakaletwa kwa bibi Tanga, wakala embe hadi wakaota vipele, mama akaendelea kusahihisha mitihani yake. Kalenda ilikuwa mbovu vilevile. Ila kulikuwa na bibi.

Hapa bibi hayupo. Baba Idi ni dereva wa basi, na likizo kazini kwao huchaguliwa kwa ukongwe: mwenye miaka ishirini anachagua kwanza, na wazee wote wanakimbilia wiki ya likizo ya shule kwa ajili ya wajukuu. Karatasi inapomfikia yeye zimebaki wiki za Novemba zenye mvua. Kambi za mchana zipo, lakini nafasi hufunguliwa kukiwa bado baridi na hujaa watu wakiwa hawajamaliza kunywa chai. Mwaka jana nilikosa. Siku moja nikaenda kufundisha na mwanangu Idi. Alikaa nyuma na karatasi za kuchorea, akawa mpole kabisa, mpaka mwanafunzi mmoja alipotoa jibu naye akanyoosha mkono akasema si kweli. Darasa zima likacheka. Kwa bahati mbaya, mtoto alikuwa sahihi.

Kinachotuokoa ni majirani. Kwenye nyumba za familia za chuo tumejaa watu kutoka kila pembe: Mkorea, Mbrazili, Msyria, Mnepali. Tunagawana siku. Kila mzazi anachukua watoto wote siku yake moja, siku nyingine anakwenda kazini akiwa na amani. Siku yangu nawapikia chapati na maharage, na yule Mkorea mdogo sasa anaita maharage kwa jina lake kama mtoto wa Ngamiani kwetu Tanga. Mpango huu haujaandikwa popote, na hakuna ofisi inayoujua.

Na wacha nikuambie siri ambayo hutaipenda: siku hizi sitamani tena kalenda zilingane. Wiki yangu ya Februari watoto wako shule. Nyumba kimya, chuo kimya, wanafunzi wameruka Florida, nami naandika tasnifu kuanzia basi la shule linapoondoka hadi linaporudi. Sura nzima ya tatu niliipata kwenye wiki hiyo. Wewe huko likizo yako na ya watoto zimeshikana. Unapika, unaamua ugomvi, unapeleka maktaba, na Jumatatu unarudi ofisini umechoka kuliko ulivyoondoka. Nimekosea?

Tena wanaozungumza sana kuhusu kulinganisha likizo ni watu kama mimi na wahadhiri wangu. Mama anayesafisha jengo letu hana likizo ya machipuko hata moja. Wiki ya chuo madarasa husimama, lakini ofisi ziko wazi na yeye yupo kazini. Kwake shule ikifunga Februari au Machi ni mzigo uleule. Mwaka ule wa corona, 2021, vyuo vingi, changu na chako vikiwemo, vilifuta likizo hii kabisa ili wanafunzi wasisafiri. Yeye alicheka, akasema karibuni kwetu.

Wanaoumia hasa ni wanafunzi wa ualimu. Nina mmoja kwenye kundi langu anayefanya mazoezi kwenye shule ya msingi. Mwanafunzi wa ualimu akiwa shuleni hufuata kalenda ya shule. Kwa hiyo Februari wenzake wanaota jua, yeye anafunga zipu za makoti ya watoto wa chekechea. Machi shule ikifunga, chuo kinamdai kazi za darasani na majaribio. Hana wiki iliyo tupu. Huyo ningemlinganishia kalenda kesho asubuhi. Na wale wanafunzi wa chuo wanaojitolea kuwasaidia watoto kazi za nyumbani jioni, wakiondoka Februari mpango mzima unabaki na watu wazima wawili na watoto kibao.

Bodi walipotuma dodoso kwa wazazi niliyaandika haya haya. Niliwaambia tarehe wapange watakavyo, lakini ile wiki ya Machi wafungue shule mojamoja zenye uangalizi na chakula cha mchana, kwa bei ambayo dereva wa basi anaweza kulipa. Sijajibiwa. Nitaenda kwenye kikao. Kila mwananchi hupewa dakika chache za kusema, na wewe unajua mimi nikipewa dakika.

Sasa turudi kwenye Idi. Siku ya Idi yenyewe si tatizo, siku moja hupatikana. Lakini kuwatoa watoto wiki nzima siwezi. Hapa mtoto akikosa asilimia 10 ya siku za masomo anaingizwa kwenye hesabu ya watoro, na huyu mdogo alishakosa nyingi kwa mafua ya Novemba. Nami nina vipindi Jumanne na Alhamisi. Kwa mwendo wa mwezi, Idi inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo mwaka 2028 itafika mwisho wa Februari, kwenye likizo yangu kabisa. Ila ikinikuta bado mwanafunzi mwaka huo, nisomee dua tu.

Kwa hiyo badili mpango: njoo wewe. Mwenye wiki iliyo wazi ni wewe, chuo na shule vyote vimekufungulia mlango. Najua hospitali haifungi na Baba Salma ana zamu zake, basi mwulize kama anaweza kupata kuanzia Alhamisi. Asipopata, panda gari na watoto, ni mwendo wa saa saba hivi, barabara ni ya 80 kisha 94. Ondoka Jumatano alfajiri, upite Chicago kabla ya foleni ya jioni, na kumbuka saa zetu ziko mbele kwa saa moja, usije ukadhani umechelewa futari kwa uzembe wako. Magodoro ninayo. Nyama tutaifuata Dearborn, kule kuna mabucha ya halali ya kuchagua, na maduka hukesha mwezi wa Ramadhani utadhani uko Ngamiani usiku wa kuamkia sikukuu. Watoto wangu watatoka shule Alhamisi wawakute wako wameshaharibu chumba.

Ukiona njia ni ndefu kwa mtu aliyefunga, basi tuseme mwisho wa Juni. Idi ya kuchinja inaangukia mwishoni mwa Mei, nayo shule zetu zitakuwa bado wazi. Juni ikifika mwisho zote zimefunga, zenu na zetu, na hapo nitakuja mimi. Ila nijibu kabla ya katikati ya Februari, maana karatasi ya likizo ya kina Baba Idi inaanza kuzungushwa wakati huo, na wiki za Juni nazo zina wazee wake.

Uje na ile iliki ya mama, hata kidogo. Ya dukani hapa haina harufu.

Wako,
Mama Idi