Mtunzi wa kwaya, usiuze wimbo kwa mkupuo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na watunzi wenzangu wa nyimbo za kwaya, hasa vijana, ambao siku hizi wanaitwa na wenye studio na kuwekewa mkataba mezani wausaini kabla chai haijapoa. Nina habari ya mtunzi mmoja ya kuwapa, Samuel Coleridge-Taylor.

Alizaliwa London tarehe 15 Agosti 1875. Mama yake alikuwa Mwingereza. Baba yake, Daniel Taylor, alikuwa Mwafrika wa Sierra Leone aliyekwenda huko kusomea udaktari kisha akarudi Afrika Magharibi, na mtoto akalelewa na upande wa mama, mjini Croydon. Babu ndiye aliyemshikisha fidla. Akiwa na miaka 15 aliingia Royal College of Music, chuo cha muziki cha London, akaanza na fidla hiyo, kisha akahamia utunzi chini ya mwalimu Stanford.

Tarehe 11 Novemba 1898 chuo hichohicho kiliimba kwa mara ya kwanza utunzi wake wa kwaya na okestra, Hiawatha's Wedding Feast, wenye maneno ya shairi la Mmarekani Longfellow. Alikuwa na miaka 23. Mtunzi Sir Arthur Sullivan, ambaye jina lake lilikuwa kubwa kuliko ya wengi Uingereza wakati huo, alikuwa mgonjwa lakini alikwenda kuusikiliza. Anayetaka kuonja kazi hiyo aanze na pale mwanamume wa sauti ya tatu anapoimba peke yake, “Onaway! Awake, beloved!” Nimewasikilizisha vijana wangu mara nyingi baada ya mazoezi. Huwa wananyamaza wenyewe bila kuambiwa.

Sasa nije kwenye fedha. Kampuni ya uchapaji ya Novello iliununua utunzi ule kwa gini 15, yaani pauni 15 na shilingi 15, haki zote zikaenda na karatasi. Nakala ziliuzwa kwa mamia ya maelfu. Vyama vya kwaya Uingereza nzima viliuimba, na Marekani pia, ambako mwaka 1901 waimbaji weusi wa Washington walianzisha kwaya yenye jina lake. Alikwenda kuwaongoza mwaka 1904, akapokelewa na Rais Roosevelt Ikulu, akarudi tena 1906 na 1910. Heshima aliipata. Lakini nakala ya kazi ile iliponunuliwa dukani, yeye hakuwa na fungu, kwa kuwa alikwishauza.

Kwa hiyo alifundisha, akaongoza kwaya za watu, akaamua mashindano, akitoka mji mmoja kwenda mwingine kwa treni, na usiku akatunga. Mwishoni mwa Agosti 1912 alianguka katika stesheni ya West Croydon, na tarehe 1 Septemba akafa kwa homa ya mapafu. Alikuwa na miaka 37, mke na watoto wawili. Mfalme alimpa mjane pensheni ya pauni 100 kwa mwaka, na wanamuziki wakafanya tamasha la kumchangia katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Katika ukumbi uleule, kati ya 1924 na 1939, Hiawatha iliigizwa karibu kila mwaka kwa mavazi kamili na mamia ya waimbaji. Chama cha Waingereza cha kukusanyia watunzi malipo kazi zao zinapopigwa hadharani kiliundwa mwaka 1914, miaka miwili baada ya yeye kuzikwa.

Nina sababu ya kuumia kwa habari hii. Miaka ya nyuma niliuza nyimbo saba kwa mwenye studio mmoja, kwa fedha iliyotosha ada ya muhula mmoja. Wimbo mmoja kati ya hizo nausikia mpaka leo kwenye daladala na kwenye harusi. Mwaka jana nilipewa nakala yake ya fotokopi na kwaya jirani, solfa yangu, yaani nota za do-re-mi, yote ipo, hata kosa langu la sauti ya nne kwenye kiitikio lipo, ila mahali pa jina la mtunzi pana alama ya swali.

Vijana, ukiletewa mkataba, uende nao nyumbani. Tafuta mstari unaosema haki zote, na unaosema milele. Kuuza nakala mia si sawa na kuuza wimbo wenyewe, na mnunuzi anaijua tofauti hiyo hata kama wewe huijui. Sheria yetu ya hakimiliki ipo tangu 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wanasajili kazi. Nenda kabla ya studio, si baada. Nanyi viongozi wa kwaya, mnapotoa fotokopi msikate ukingo wa juu wa karatasi, kwa sababu ndipo jina lilipo.

Kwetu tumeanza kupitia kabati la nota, karatasi kwa karatasi, na kuandika kwa kalamu majina tunayoyakumbuka. Tumefika nyimbo za Kwaresima.

Mwalimu wa kwaya,
Morogoro