Mama, naomba mwembe wa Papa usikatwe

Brussels, mwezi wa saba

Mama wangu mpendwa,

Nakusalimu, na kupitia kwako nawasalimu yaya, mkubwa wangu wa kuzaliwa, shemeji na wote walioko nyumbani. Sisi huku ni wazima. Kikohozi cha mdogo kimekwisha, usihangaike tena.

Ujumbe wa yaya niliupata Jumatano, ule wa kukata mwembe alioupanda Papa, baba yetu, ili pajengwe duka upande wa barabara. Sikujibu siku ile, kwa kuwa sikujua nianzie wapi. Jumapili nikaenda na watoto kwenye bustani ya mimea ya Meise, na jibu nimelipata kule. Nivumilieni basi, nitawapitisha bustanini kwanza.

Meise iko kaskazini mwa Brussels, unafika kwa basi. Bustani yenyewe ni hekta 92, na ndani yake kuna ngome ya zamani iliyozungukwa na maji, Bouchout, ambamo aliishi Charlotte, dada yake Leopold II, hadi akafa mwaka 1927. Tulitoka nyumbani jua likiwaka, nikawaambia watoto waache makoti. Nilikosea. Kwetu mwezi wa saba mtu anatandaza unga wa muhogo juani, anaenda zake soko la mtaa wa Kenya, pale Lubumbashi, bila kutazama juu, kwa sababu mbingu imeshafunga tangu mwezi wa tano. Baridi ya usiku ndiyo tunayoiogopa, siyo mvua. Hapa kiangazi hakina ahadi. Kabla hatujafika kwenye ziwa, upepo ukageuka, wingu likaja, mvua ikatukuta katikati ya majani.

Tulikimbilia chini ya mti mmoja mkubwa sana. Matawi yake yanashuka hadi chini, ukiingia ni kama uko chumbani: nje maji yanamwagika, ndani pakavu. Kwenye shina kulikuwa na kibao kidogo chenye jina lake. Mkubwa akakisoma pole pole, herufi kwa herufi, kisha akaniuliza, akimaanisha wewe bibi yake, "Na mti wa kwa Kambo, jina lake limeandikwa wapi?" Mama, huyu mtoto hajawahi kukanyaga Lubumbashi. Mwembe ule anaujua kwa simu tu, kwa sababu wewe ukipiga hukaa chini yake, na yeye anaona majani yakitikisika nyuma ya kichwa chako. Kwake yeye, Kambo na mwembe ni kitu kimoja.

Jua lilirudi, tukatembea kidogo, mvua ikarudi tena na baridi juu yake. Tukaingia kwenye nyumba kubwa za vioo. Humo joto ni la kwetu, la mwezi wa kumi na mbili, na harufu ya udongo uliolowa ilinishika kooni. Migomba, kahawa, kakao, kila mmea na kibao chake. Halafu nikauona muhogo. Watoto walikuwa wameshaupita. Nikawarudisha: "Tazameni, hii ndiyo sombe." Hawakuamini. Sombe, majani ya muhogo, wanayoijua wao ni ile iliyokwisha kutwangwa, imeganda kama jiwe, tunayonunua kwenye maduka ya Matongé, mtaa wa Wakongo hapa Brussels. Mdogo alinyoosha vidole vyake karibu na jani, akahesabu vidole vyake pamoja na vya jani: moja, mbili, tatu, hadi tano, akacheka kwamba jani lina mkono. Nililia, Mama, nikawageuzia mgongo wasinione.

Katika bustani hiyo wanatunza pia mimea iliyokaushwa, zaidi ya milioni tatu, na mingi ilitoka Kongo. Nilikumbuka lile ua dogo la rangi ya zambarau alilokuwa akitusimulia Papa, linaloota mahali penye shaba hata miti ikishindwa, hadi watafuta madini wakalifuata. Wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense. Jina la kwanza ni la Hauman, Mbelgiji. La pili ni la Katanga. Papa alilipenda lile ua lakini alikuwa anasema: ukiona maua hayo tu na hakuna mti, jua ardhi imechoka. Na yeye aliiona ardhi iliyochoka. Miaka yote alipofanya kazi kwenye tanuru za shaba, alikuwa akipita Penga-Penga, ambako moshi wa kuyeyushia madini uliacha udongo mtupu. Ndiyo maana alikuja na mche ule umefungwa ndani ya gunia, akauchimbia shimo kabla hata ya kumaliza kuezeka jiko. Mlikuwa mnamcheka, wewe mwenyewe ulinisimulia.

Yaya, sasa nasema nawe. Najua duka linahitajika, na ada za shule hazingojei mtu. Lakini msitu umeshakwenda mbali na mji, makala ya kupikia sasa mnayapata kutoka safari ndefu. Mti uliokwisha kukua, unaowapa kivuli mwezi wa kumi, joto linapobana, na maembe kuelekea Krismasi, hauwezi kununuliwa tena. Nimechora kidogo: duka likisogea upande wa jiko, mlango ukatazama njia ya pembeni, linatosha. Litagharimu matofali zaidi na mabati machache. Hayo nitayalipa mimi, kidogo kidogo kila mwezi kuanzia mwezi wa nane. Mwite fundi apime, unitumie hesabu yake, nisikie pia wewe unaonaje. Ukiona haliwezekani, nipigie kabla shoka halijashikwa.

Mama, mkubwa ameshatengeneza kibao. Ameandika "Mwembe", na chini yake "Ulipandwa na Papa wa Mama". Kuna dada wa kanisa letu anakuja Lubumbashi mwezi ujao, nitampa pamoja na dawa zako za presha na viatu vya watoto. Zungusheni kamba kwenye shina mniambie urefu wa mzunguko wake, ili nijue waya wa kufungia uwe kiasi gani. Msipigilie msumari.

Mwanao anayekupenda