Semina ya usawa tumefanya, vikombe bado vile vile

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Nafanya kazi ofisi moja huku Masaki, mwezi uliopita tukapelekwa semina hotelini, mtaalamu kaja na slaidi zake za usawa wa rangi kazini, tukacheza michezo, tukapewa na tisheti, safi. Kesho yake nafika ofisini, jikoni vikombe vya udongo bado ni vya wageni, yaani wafanyakazi wa kutoka nje ya nchi, sie tunachukua vya plastiki, na getini mlinzi (Mbongo mwenzetu jamani!) anampigia mzungu saluti hata hamuulizi anaenda wapi, mimi mwenye kitambulisho shingoni naambiwa fungua begi.

Sasa semina ilikuwa ya nini? Maana kuna dada wa Kitanzania pale, mkongwe kabisa, kila akija mgeni yeye ndo anamfundisha kazi halafu mgeni anageuka bosi wake, na mshahara wa mgeni ni siri.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa rangi, kabila, utaifa na mengineyo, na inamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kuleta fursa sawa. Nimemuuliza afisa utumishi wetu kacheka, ndo kwanza anausikia. Waanzie hapo, mpango uandikwe ubandikwe ubaoni, na madaraja ya mishahara yajulikane. Na Wahindi na Wapemba wanaotaniwa kila mchana kantini nao waulizwe wanajisikiaje, kwenye hilo hata mimi nimo.

Mfanyakazi, Dar es Salaam